Mama Anafunga kwa Ajili ya Nani

Lipowka, Alhamisi, 16 Adari ya Pili, 5689

Kwa Bwana Kopel Berezin, mwoka mikate, Bialystok

Bwana mheshimiwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Kama kuna mteja, mwambie asubiri. Ninayokuandikia asiyajue fundi mwenzako, wasiyajue ndugu zako, na zaidi ya wote asiyajue mama yako, mpaka wewe mwenyewe uamue. Ukimaliza kusoma, itie barua hii tanurini. Kwamba unalo tanuri ni bahati yangu ya kwanza katika jambo hili.

Mimi ni karani wa baraza la Rabi hapa Lipowka. Nina miaka ishirini na mitatu. Kazi yangu ni kuandika ndoa na talaka, kunakili hukumu, na kunyamaza. Mpaka mwezi huu nilidhani zote tatu naziweza.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yangu, Hinde, hufunga siku ya kuingia Pasaka. Unajua wanaofunga siku hiyo ni wanaume waliozaliwa wa kwanza, kwa kukumbuka Misri, wazaliwa wao wa kwanza walipouawa, wetu wakapitwa. Mtoto akiwa mdogo, baba hufunga kwa niaba yake. Baba akiwa naye alizaliwa wa kwanza, ana mfungo wake mwenyewe wa kubeba, kwa hiyo wa mtoto unabebwa na mama. Mtoto akifika miaka kumi na mitatu anajibebea. Mama hana tena la kufunga.

Mama yangu hajaacha. Nilipokuwa mdogo nilidhani anafunga kwa ajili yangu, maana mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu baba yangu. Lakini baba yangu alikuwa wa tatu kwao, na mimi mfungo wangu aliubeba yeye. Nilimwona kwa macho yangu akiubeba, akilalamika tangu asubuhi. Hivyo nyumbani kwetu watu wawili walikuwa wakishinda njaa kwa mtoto mmoja, na mimi, niliyesifiwa shuleni kwa hesabu, sikuwahi kuuliza.

Mwaka jana alianguka jikoni akiwa na sufuria mkononi. Tabibu alimsikiliza moyo, akaniita pembeni: "Kijana, mama yako akishinda tena na njaa kutwa, moyo huu hautafika jioni." Nikaenda kwa Rabi. Rabi akasema huu ni mfungo wa desturi, mgonjwa hafungi, na akitaka moyo wake utulie, ale kutoka kwenye karamu ya wazaliwa wa kwanza pale sinagogi. Unaijua karamu hiyo: asubuhi mtu anamaliza kitabu cha Talmudi mbele yao, kumaliza kitabu ni furaha, furaha haina njaa, basi wanakaa mezani wanakula, na mfungo umewaondoka. Mimi mwenyewe hufanya hivyo kila mwaka.

Nikamwambia Mama. Akanijibu, "Rabi ana haki yake, na mimi nina mtoto wangu. Meza ile ni ya waliokaa. Mwanangu hakukaa."

"Mama, mimi nilikaa. Nimekula mpaka samaki wa chumvi na keki."

Akanitazama, akasema, "Najua." Kisha akarudi kwenye vyungu vyake.

Bwana Kopel, neno hilo moja limeninyima raha mwaka mzima.

Wiki tatu zilizopita mwanamke mmoja alihitaji nakala ya talaka yake ili aolewe tena. Rabi akanipa ufunguo wa kabati la talaka za zamani, akaniagiza nisome ukurasa wa mwanamke yule tu. Nilikosea kitabu. Hapo sikuwa na hatia. Hatia yangu ni kwamba nilipojua nimekosea, niliendelea kusoma. Nanakili:

"Mordkhe mwana wa Leyb Berezin, kifungua mimba wa mama yake, amempa talaka Hinde binti Ruven. Mtoto wa kiume, Kopel, umri mwaka mmoja na miezi minne, atabaki upande wa baba. Mama asimfuate wala asimpelekee salamu." Chini kuna sahihi ya mama yangu, kwa mwandiko wa msichana. Pembeni, kwa wino mwingine: "Mordkhe amefariki kwa homa ya matumbo. Mtoto amechukuliwa na Gimpel, mdogo wa marehemu, Bialystok."

Mfanyabiashara wa unga anayepita hapa ameniambia kuna duka la mikate la wana wa Gimpel Berezin, na kitinda mimba wao anaitwa Kopel, ana miaka thelathini na moja.

Mordkhe alikuwa na mfungo wake mwenyewe, kwa hiyo wako ulimwangukia Mama. Nisamehe. Sijui namna ya kumwandikia mtu jambo kama hili, na shuleni hawafundishi.

Sikuombi uje. Sikuombi umwite mtu yeyote mama. Naomba mstari mmoja tu, wa mkono wako, useme kwamba mwaka huu utafunga, au utakaa kwenye karamu ile. Akijua unajibebea, atakula. Asipojua, atafunga Jumatano, tarehe 14 ya mwezi ujao wa Nisani, siku ya kuingia Pasaka, na mimi sina mama mwingine.

Usiandike ofisini, maana Todres, mtumishi wa sinagogi, hupima kila bahasha kwa pua. Andika: Anshel Fridkin, Posta ya Lipowka, nitaichukua mwenyewe.

Kwa hofu na heshima,
Anshel Fridkin


Bialystok, Alhamisi, 23 Adari ya Pili

Karani,

Nimefunga mlango kama ulivyoagiza. Wateja watatu wameenda kwa Zalmen jirani, ambaye mikate yake ingefaa kujengea ukuta. Barua sikuichoma. Tanuri langu ni la mikate.

Sasa nisikilize mimi. Mji huu umejaa Wakopel na Waberezin, ukirusha jiwe halikosi mmoja. Mimi ni kitinda mimba wa Gimpel, Mungu amrehemu, na wa Etl, Mungu ampe umri. Tulikuwa wanne: Leyzer, Motke, Shmerl, na mimi niliyerithi viatu baada ya miguu sita kupita ndani yake. Miaka thelathini na moja naitwa kitinda mimba, leo karani asiyenijua ananipandisha cheo kwa stempu ya posta!

Unataka ushahidi, maana ninyi watu wa kalamu hamwamini mdomo? Huu hapa. Aliyezaliwa wa kwanza kwetu ni Leyzer. Mimi siku hiyo ya kuingia Pasaka sijawahi kufunga hata mara moja, na nakumbuka vizuri kwa sababu kila mwaka nilikula keki. Mama alikuwa akinituma nimsindikize Leyzer sinagogi. "Mfuate kaka yako, Kopele, na usirudi hujala." Nikirudi, swali la kwanza: "Umekula?"

Mwaka mmoja, nikiwa na miaka minane hivi, nilibaki uani nikicheza njugu na wenzangu. Nilishinda njugu kumi na nne. Nikarudi nyumbani mifuko imejaa. "Umekula?" Nikasema sijala. Karani, mwanamke yule alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu, chachu bado haijatolewa nyumbani kwa ajili ya Pasaka, kazi imemfika shingoni. Aliacha brashi, akanishika sikio, akaniburura na aproni yake iliyolowa mpaka sinagogi, akaingia upande wa wanaume! Wanaume wakashika ndevu zao kama wameona moto. Mmoja akasema, "Mama Etl, hapa si jikoni." Akamjibu, "Najua, maana jikoni kwangu wageni hulishwa. Mpeni huyu kipande." Nikala nikilia, na njugu zikimwagika.

Je, huyo ni mtoto wa kufunga? Huyo ni mtoto wa keki.

Mwambie mama yako ale. Na wewe ule, barua yako inasomeka kama ya mtu mwenye njaa.

Usiniandikie tena. Ukiandika, andika dukani, si nyumbani.

Kopel Berezin


Lipowka, Jumatatu, 27 Adari ya Pili

Bwana Kopel,

Naandika dukani.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote maishani. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili niliaibika, mara ya tatu nikaacha kucheka na bado sijarudia.

Niruhusu niulize kama karani, kwa sababu namna nyingine ya kuuliza siijui. Motke na Shmerl walitumwa nao kumsindikiza Leyzer? Hukuwataja. Mtoto wa miaka minane ndiye wa kumsindikiza mkubwa wake njiani, na wakubwa wake wengine wawili wakabaki nyumbani? Na siku ambayo mwanamke anafukuza kila chembe ya mkate kwenye kila ufa, aliacha sakafu yake nusu, akaingia mahali ambapo mwanamke haingii, kwa ajili ya kipande cha keki? Kwenu ni waokaji. Keki mlikosa?

Hakutaka ule keki, Bwana Kopel. Alitaka ule keki ile, kwenye meza ile, asubuhi ile.

Nimelifikiri jambo hili mpaka mwisho. Kama nimekosea, nimemsingizia mwanamke mwema. Kama nimepatia, basi kuna mtu mmoja Bialystok aliyejua wewe ni nani, hakusema, na kila mwaka alihakikisha mfungo wako umeondolewa kwa haki bila wewe kujua kwamba ulikuwa nao. Muulize swali moja tu: "Kwa nini mimi?" Usimuulize kwa hasira, nakuomba.

Hapa hali ni hii. Mama ameanza kusafisha nyumba. Anapanda ngazi tatu za mlangoni na kupumzika katika kila moja, halafu anajifanya anatazama kuku wa jirani. Jana nilimnyang'anya ndoo.

"Niachie ndoo yangu, Anshel. Una kalamu yako."

"Mama, mwaka huu utakula, sivyo? Hata yai."

"Kila mwaka unaniuliza kama askari wa ushuru."

"Tabibu amesema..."

"Tabibu ana mke mnene na bata watano. Huyo anajua nini habari ya kufunga?" Kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema polepole, si kwangu, "Labda hakuna aliyemwambia. Asiyeambiwa atajibebaje?"

Nilijifanya sikusikia. Yeye hajui kwamba najua, na mimi nimekuwa mwoga kiasi kwamba hata kikohozi chake nakiitikia kwa kuomba radhi. Nikimwambia nusu, nikamtia tumaini, halafu wewe ukanyamaza, nitakuwa nimemwua kabla ya mfungo.

Zimebaki siku kumi na sita.

Anshel


Lipowka, Jumanne, 6 Nisani

Bwana Kopel,

Hujajibu. Posta nimekwenda mara sita, mpaka mwenye posta ananiuliza kama ni mchumba.

Pia nimekamatwa. Todres amekuta kitabu cha talaka kimerudishwa kichwa chini. Alinishika mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa sokoni, "Karani wetu msomi! Vitabu anavisoma kama popo, miguu juu!" Kesho Rabi ananitaka. Sijui kama keshokutwa nitakuwa bado na kazi, na mshahara wangu ndio kuni na viazi vya nyumbani.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Leo Mama amenunua mishumaa ya Pasaka, na njiani alikaa kwenye jiwe la kinu muda mrefu. Aliniomba nisimwambie tabibu.

Kama umekasirika, kasirika nami. Mstari mmoja, Bwana Kopel. Hata ukiandika kwa mkaa.

Anshel


Bialystok, Jumapili, 11 Nisani

Anshel,

Nilimuuliza.

Kwanza sikumuuliza. Wiki nzima nilizunguka na barua yako kifuani, nikatia chumvi mara mbili kwenye unga, Leyzer akaniambia, "Umependa mtu, Kopel, au umekufa?" Halafu Alhamisi iliyopita nikamkuta Mama jikoni anafunga vyombo vya chachu kwenye sanduku. Nikasimama mlangoni kama mtoto wa miaka minane. Nikasema, "Mama. Keki ile. Kwa nini mimi?"

Hakuuliza keki gani. Aliweka sahani chini. Akasema, "Nani kakwambia?"

Nikasema, "Hinde ana mtoto wa kiume. Ni karani."

Akaketi. Akasema, "Basi yuko hai." Akarudia, "Yuko hai, na mimi nimekuwa nikimwombea kama maiti."

Sitakudanganya kwamba nilikuwa mtu mwema. Siku mbili sikusema naye. Nililala dukani, juu ya magunia. Nilihesabu mambo: viatu, pua yangu isiyofanana na ya mtu yeyote mezani, siku Leyzer aliponiita "wa kuletwa" na baba akampiga kofi ambalo sikulielewa. Baba. Baba mdogo, kumbe. Sijui nimwite nani nini. Lakini usiku wa Sabato Mama alinitumia supu kwa mkono wa Shmerl, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kipande cha mkate kimekatwa ukingoni, kama ninavyopenda tangu utoto. Nikasema, Kopel, wewe ni ng'ombe. Nikarudi.

Anasema nimwandikie mama yako haya, na ninayaandika alivyoyasema, wewe utamsomea:

"Hinde, tulikuonea. Ulikuwa msichana, mama mkwe wetu alitaka uondoke, na sisi wengine tukatazama chini. Mordkhe alipokufa, Gimpel aliapa mbele ya mama yake kwamba mtoto hataambiwa, na mimi nikamlea pamoja na wangu, nikampenda, ndipo nikaogopa kusema. Hata Gimpel alipokufa bado niliogopa. Jina lako nililificha. Mfungo wake sikuthubutu kuuficha. Gimpel alimfungia alipokuwa mdogo, nikamwambia wazi, utafunga kwa ajili ya wawili. Alipoweza kutembea nikamtuma mezani, mwaka hata mwaka, na hajakosa hata mmoja. Mwaka wa vita hapakuwa na keki, nikampa Rabi wetu viazi viwili akaweka mezani ili Kopel ale. Naapa kwa uhai wangu. Kama umekuwa ukimfungia, dada yangu, pumzika. Alikuwa na mtu."

Hapo mimi nikaandika "alikuwa na mtu" mara mbili kwa makosa, ndiyo maana pamefutwa.

Mfanyabiashara wa unga anakuja huko kesho. Nimempa boksi. Ni keki ya asali aliyoioka Mama Etl, kwenye tanuri langu, kabla sijalizima kwa Pasaka. Iwekeni kwenye karamu yenu Jumatano asubuhi. Mimi nami nitakuwa hapa mezani, na safari hii nitajua ninakula nini. Iliwe kabla ya saa tatu, kabla chachu haijachomwa, isije Todres wako akaichoma pamoja na sisi sote.

Siku nane sina kazi. Mwoka mikate wakati wa Pasaka ni kama samaki barazani.

Kopel, sijui wa nani, lakini wako


Lipowka, Jumatano, 14 Nisani, kabla ya adhuhuri

Kaka Kopel,

Amekula.

Naandika haraka kabla posta haijafungwa kwa ajili ya sikukuu, lakini nitakwambia kwa utaratibu, maana nisipofuata utaratibu nitalia.

Boksi na barua vilifika jana mchana. Mama alikuwa mezani anakwaruza ule mzizi mchungu wa Pasaka, na machozi yalikuwa yameshaanza kwa sababu ya mzizi, kwa hiyo sijui ni saa ngapi yalibadilika. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kitabu, kabati, barua zangu, zako.

"Umefungua kitabu cha Rabi?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukasoma talaka ya mama yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Huna adabu hata ya kujaza kijiko," akasema. "Soma."

Nikasoma maneno ya Mama Etl. Aliendelea kukwaruza. Nikasoma barua yako ya kwanza, ile ya njugu, ambayo niliogopa kuisoma kwa sababu ya matusi uliyonitukana. Nilipofika mahali pa aproni iliyolowa, aliweka mzizi chini. "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia." Mara ya nne akaanza kucheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani kwetu, akajifuta kwa mkono wenye mzizi na macho yakamwaka moto, tukakimbilia maji. Nilipokuwa nikimmwagia akaniuliza, "Sikio lipi?"

"Hakuandika, Mama."

"Karani gani wewe, hata hilo hukuuliza?"

Leo asubuhi niliipeleka keki sinagogi. Rabi alimaliza kitabu chake, wazaliwa wa kwanza tulikuwa tisa, tukaketi, na keki ya Etl ilikuwa katikati. Todres alikata vipande vikubwa kuliko alivyostahili. Rabi aliniona natia kipande kwenye leso. Nilisahau kukwambia: wiki iliyopita alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua ufunguo wa kabati, akaniachia kazi, na akasema, "Kwa kuwa unapenda kusoma mpaka mwisho, mwaka ujao wewe ndiye utakayemaliza kitabu mbele ya wazaliwa wa kwanza. Kizima, na mimi nitakuuliza maswali." Leo aliitazama leso, akasema tu, "Kimbia, chachu haitakusubiri."

Nikakimbia. Alikuwa amesimama jikoni, amevaa kitambaa cheupe cha sikukuu tangu asubuhi. Nikafungua leso juu ya meza.

"Alikaa?" akauliza. "Leo naye amekaa?"

"Ameandika atakaa, Mama. Na miaka yote amekaa."

Akabariki, akauma. Akatafuna muda mrefu. Nilikuwa nimeshika kiti nyuma yake, tayari kwa lolote, kama mjinga. Akasema, "Etl ametia tangawizi nyingi mno." Halafu akala kilichobaki, akakusanya chembe mezani kwa ncha ya kidole, zote, kama anavyozikusanya kila mwaka ili zichomwe. Ila za leo alizila.

Saa nne amekula yai na viazi. Sasa hivi anaimba, na anakosea maneno.

Kuhusu safari. Barua hii itakufikia Ijumaa, na sikukuu haisafiriki, basi panda treni ya Jumapili asubuhi. Inafika hapa saa nane mchana. Usimwulize njia mtu yeyote pale stesheni, Todres ana shemeji zake watatu huko. Fuata mto mkono wa kushoto mpaka kinu cha maji, kisha nyumba ya pili yenye madirisha ya buluu. Mlete Mama Etl kama miguu inamruhusu. Mama amesema hivyo mwenyewe, ameshatandika kitanda changu kwa ajili yake, na mimi nitalala na vyungu.

Ngazi ni tatu. Ya pili imeoza, ikanyage pembeni. Usibishe hodi, kwa sababu ameapa kukaa mlangoni tangu asubuhi na sidhani kama kuna wa kumwondoa. Ukikwama kwa lolote usiandike tena kwa siri posta. Andika: Nyumba ya Hinde, nyuma ya kinu, Lipowka.

Na uje na jibu la sikio.

Mdogo wako,
Anshel